Maji ya Papa kwenye Asumini

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo mkunjufu kabisa, kwamba Kahindi muuza maji aliokota sanduku la dhahabu ya Wareno ndani ya kisima, akaenda kwao Kaloleni kujenga jumba la madirisha arobaini. Wenzangu walisema thelathini. Kumi ya juu niliyatia mimi. Chekeni tu. Mkishajua kwa nini nililihitaji jumba hilo, kicheko kitawaishia, kama kilivyoniishia mimi.

Juzi nilipita Makadara nikakuta mama mmoja amelowesha papa mkavu wa chumvi kwenye beseni, mlangoni kwake. Mnaijua harufu ile. Papa akiloweshwa Mombasa, Lamu hufungwa madirisha. Ilinishika pua ikanirudisha miaka ya tisini, chini ya roshani ya shangazi yangu Esha, Mji wa Kale.

Shangazi hakuwa na bustani. Na ardhi ya bustani ingetoka wapi, katika vichochoro ambavyo wanene wawili wakikutana lazima mmoja arudi kinyumenyume? Bustani yake ilining'inia hewani: vikapu saba vya waya, vimetandikwa makumbi ya nazi, vikajazwa udongo, vikatundikwa kwa minyororo kwenye boriti za roshani. Vyote vilikuwa na asumini. Jioni maua yakifunguka, wanaume waliotoka kuswali magharibi walipunguza mwendo bila kujijua. Kwa maua hayo shangazi alitunga vikuba, vile vishada vya asumini na rehani ambavyo wanawake huvaa harusini, na hakuna bibi harusi wa mtaa wetu aliyetolewa nje bila kikuba cha Bi Esha.

Kikapu cha kuning'inia kina udhia wake. Upepo hukipiga pande zote, udongo hukauka upesi, basi hutaka maji asubuhi na jioni. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Nilipanda kwenye kiti, kata ya kifuu mkononi, nikamimina polepole mpaka tone la kwanza lichuruzike chini ya kikapu.

"Likidondoka, wacha," shangazi alinifunza. "Ua si ngamia."

Na mara moja kwa wiki maua yalipewa chakula chao: maji yaliyooshewa samaki wabichi, changu au tafi, bado yana damu. Hayo alinipimia mwenyewe.

Bomba letu lilitoa maji siku likijisikia, kwa hiyo tulimtegemea Kahindi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kutosha misikiti mitatu, akisukuma mkokoteni uliojaa madumu. Akishamaliza kujaza mapipa yetu, masalio ya dumu la mwisho aliniachia bure.

"Haya bosi, wanyweshe wake zako saba," alikuwa akiniambia. "Saba ni wengi kwa sheria yenu, lakini mimi Mkristo, simo."

Nami nilikinga viganja nikaonja kwanza, kama kadhi anayepima ushahidi, kisha nikatangaza: "Matamu!" Huo ndio uliokuwa mchezo wetu wa kila siku.

Ikaja harusi ya Rukia, binti wa jirani. Shangazi aliahidi vikuba vya ndugu wote wa bibi harusi, na wiki moja kabla ya siku yenyewe matumba ya asumini yalikuwa madogo kama punje za mchele. Nilimsikia akiguna: "Haya maua yatanitia aibu." Mimi, mtaalamu wa miaka tisa, nikapiga hesabu yangu. Ikiwa changu, samaki wa kuenea kiganjani, analeta maua, papa ataleta nini? Jikoni palikuwa na ndoo ya maji aliyolowea papa tangu alfajiri. Nikaigawa kwa vikapu vyote saba. Kesho yake papa mwingine akaloweshwa, nikarudia. Sikungoja tone wala nini.

Siku ya tatu majani yalikuwa yameungua kingo, kama karatasi iliyopita karibu na moto. Matumba yalipukutika roshani nzima. Shangazi alichovya kidole kwenye udongo, akakilamba.

"Chumvi! Athumani, umeyatia maji gani?"

Ningeweza kusema. Shangazi hakuwa mpigaji. Angenikaripia, angelia kidogo, basi. Lakini ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko mimi.

"Maji ya Kahindi tu, shangazi."

Kahindi alipofika, shangazi alikuwa amesimama mlangoni, na madirisha ya jirani yote yana vichwa.

"Weye Kahindi! Wateka kisimani maji ya chumvi, watuuzia kuwa ni ya bomba?"

"Hakya Mungu, Bi Esha, nimeteka bombani, kama siku zote."

"Na asumini zangu zimekufa na nini? Zimekunywa bahari?"

"Sijui, mama." Akanigeukia. "Bosi, waambie. Si wewe huyaonja kila siku?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nakumbuka hadi leo kwamba kidole gumba cha kushoto kilikuwa na tope. Jirani mmoja akasema kutoka juu, "Hata mtoto hawezi kumtetea!" Wenzake wakaitikia. Siku hiyo hakuna mlango uliomnunulia dumu, wala kesho yake. Wiki ilipokwisha, Kahindi hakuonekana tena. Rukia alitolewa na maua ya plastiki kutoka Biashara Street, na watu wakamlaani Kahindi kwa hilo pia.

Ndipo pale chuoni, tulikosoma Kurani, tukisubiri mwalimu, mwenzangu Shebe akatuletea habari ya sanduku la Wareno. Niliipokea kwa mikono miwili. Kahindi tajiri! Basi sikumdhuru, nilimsukuma kwenye neema. Kila nilipokumbuka vidole vyangu, niliongeza dirisha.

Nilisoma kwa kuchelewa, shule ya jioni, pamoja na mabawabu na wapishi. Usiku mmoja mwalimu wa biolojia alichora mzizi ubaoni, akasema chumvi ikizidi udongoni huyavuta maji yatoke mzizini, mmea ukafa kwa kiu huku umelowa. Darasa zima liliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Shangazi alikuwa amekwisha kuzikwa, akiamini mpaka mwisho kwamba Kahindi alimuulia maua yake, na aliyemwaminisha ni mimi.

Basi juzi, baada ya ile harufu, sikwenda nyumbani. Charo, mdogo wake Kahindi, zamani alikuwa akimsaidia kusukuma mkokoteni. Siku hizi anauza madafu hapo hapo Makadara. Nilimweleza yote, ndoo, papa na uongo. Alinisikiliza huku akichonga dafu, hakuinua macho. Nikamaliza kwa kumwuliza, na uso umenichoma, kama lile jumba la sanduku la kisimani lingalipo.

"Jumba gani, kaka?" alisema Charo. "Mtaa wenu ulipomkataa, aliurudisha mkokoteni kwa mwenyewe, maana alikuwa ameukodi. Akaenda nyumbani kuvunja kokoto. Anavunja mpaka leo. Kisimani hakuingia hata siku moja, na sanduku hakupata."