Siku Nilipomkimbiza Mkwe Wangu Barabara ya Ngoliba

Sikutaka kuandika haya, lakini kwa vile Nyokabi dada yangu ameshayasimulia kila mahali kutoka Gatuanyaga hadi Thika mjini, na kila akisimulia anajitoa yeye mwenyewe, basi wacha niseme mimi mwenye aibu, na niseme kwa majina. Walioniponza ni watatu: huyo Nyokabi, binti yangu Wairimu, na Kihara jirani yangu aliyeshika maikrofoni siku hiyo. Mimi kosa langu lilikuwa kupona.

Kwa maana presha ilikuwa imenilaza hospitalini hadi mdomo ukaenda upande, na nilipotoka nesi akaniambia, "Mama, tembea. Ukizoea, kimbia." Mimi niliacha shule darasa la nne nikaenda kuchuma kahawa, na maisha yangu yote sikuwa nimekimbia isipokuwa nyuma ya ng'ombe. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka nguzo moja ya stima hadi ya pili, na hiyo ya pili nikaikumbatia kama ndugu aliyepotea. Vijana wa bodaboda wakaniuliza, "Mama Wairimu, nani anakufukuza tumshike?" Kesho yake nikaenda tena. Polepole nguzo zikaongezeka, ikafika siku nikaenda mpaka josho la ng'ombe na kurudi bila kusimama, na wale vijana wakaacha kucheka wakaanza kunisalimia. Mwili ukapungua, sketi nikawa nazikaza na pini.

Wairimu, anayeshona nguo kiwandani Ruiru, alipoona hivyo akaniletea raba za rangi ya machungwa, zinang'aa hadi kuku wanakimbia. "Zinanibana, mami, vaa wewe." Hakusema zimetoka wapi. Hakusema ni Wafula, mchumba wake, aliyemnunulia ili wawe wanakimbia pamoja asubuhi kule Mwihoko, na yeye kwa uvivu wa kuamka akaona afadhali zije kwangu. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na mpaka leo Wairimu anasema eti hilo halihusiani.

Sasa huyu Wafula kwao ni Bungoma, na kwao mama mkwe haguswi. Hamli meza moja, hampeani mkono, mkikutana njiani mmoja anapisha. Wairimu alikuwa ameniambia mapema, tena mara nyingi, "Mami, wazee wao wakija usimsalimie kwa mkono. Wazee wake ni wakali kwa hilo, wanaweza kuvunja kila kitu." Nikamwambia nimesikia.

Siku ya ruracio, siku ya wageni kuja kuzungumza mahari, moyo ulinipiga sana. Nikasema nikimbie kidogo tu hadi josho nitulie, nitarudi nioge. Kurudi nikakuta gari la wageni limeshafika, akina mama wetu wanawaimbia langoni, ikabidi nipitie uani kwenye ua wa miiba. Kuingia chumbani nikamkuta Nyokabi anawafunika wasichana leso kutoka kichwani hadi magotini. (Kwetu bwana harusi huletewa wasichana waliofunikwa hivyo amchague wake, na akikosea anatozwa faini, watu wanacheka.) Msichana mmoja alikuwa ametumwa makaa hajarudi.

"Ingia hapa wewe," Nyokabi akasema.

"Mimi? Mama ya bibi harusi?"

"Nani atajua? Mstari umekuwa mfupi, atamwona Wairimu mara moja. Hawezi kukuchagua wewe mzee. Na hiyo miguu umeitengeneza ya nini, si ni ya msichana sasa?"

Sikukataa. (Mwanamke wa umri wangu akiambiwa ana miguu ya msichana, mwacheni afurahi kidogo.) Nikafunikwa, na raba miguuni, na jasho bado mgongoni.

Chini ya leso unaona udongo tu. Niliona viatu vyeusi vya ngozi, vimechongoka mbele, vikipita kwa wa kwanza, vikapita kwa wa pili ambaye alikuwa Wairimu mwenyewe, vikafika kwangu vikasimama. Nikangoja viendelee. Havikuendelea. Nikamsikia Wafula akicheka, "Hapa hamniwezi. Hizi raba nilinunua kwa mkono wangu."

Na Kihara kwenye maikrofoni, Kihara ambaye kila asubuhi akikamua ng'ombe ananiona nikipita na raba hizo hizo, akasema, "Kijana, una hakika? Basi mkumbatie halafu umfunue!" Alijua. Baadaye aliniambia alidhani itakuwa kichekesho.

Wafula akanikumbatia, kabisa kabisa, akanitikisa kwa furaha. Kisha akavuta leso.

Ushawahi kumwona mtu aliyetia mkono kwenye gunia la mahindi akashika nyoka? Uso ulikuwa huo. Hakuna aliyecheka. Mjomba wake, Mzee Barasa, aliyekuja kama msemaji wao, akachukua kofia yake mezani, akaivaa, akasema kwa sauti ya chini, "Twendeni nyumbani." Wafula yeye alikuwa ameshatoka langoni mbio.

Ningekaa chini. Mtu mwenye akili angekaa chini. Lakini nilimwona Wairimu akitoa leso kichwani, mdomo wazi, akiangalia lango, nikaona ndoa yake ikienda na vumbi, na miguu ikaamua yenyewe. Nikamfuata nimweleze tu kwamba ni raba, si mimi, ni raba. Nikapita nguzo ya kwanza, ya pili, leso imefungika shingoni inapepea, yeye anageuka anaona mama mkwe anakuja, anaongeza mwendo, mimi naongeza, na Wafula ni mkimbiaji kweli lakini vile viatu vilimtesa, nikawa namkaribia. Vijana wa bodaboda wakadhani ni mashindano. "Mama Wairimu, maliza! Amebaki kidogo, maliza!" Wakaja nyuma yetu na pikipiki wakipiga honi.

Nikamfikia pale josho, nikamkamata koti.

Ndiyo. Nilimshika mara ya pili.

Akapiga magoti kwenye vumbi akajifunika uso na koti. "Mama, naomba. Naomba ukae mbali." Nikaurudisha mkono kama niliyeungua. Gari la wazee wake likafika, likamchukua, likaenda na barabara ya Thika. Nyumbani chakula kilibaki kwenye masufuria, na Wairimu akaniuliza swali moja tu: "Kumbatio ni lake, mami. Lakini kumkamata koti ulikuwa unataka nini?"

Miezi ikapita bila neno. Wairimu akakonda kuliko mimi. Mwishowe Mzee Barasa akatuma ujumbe kwamba watarudi, wachinje kondoo wa kutakasa, lakini mama asionekane. Basi ruracio ya binti yangu wa pekee niliifanyia chumbani, mlango umefungwa, nikiwasikia wanawake wakipiga vigelegele nyuma ya ukuta. Kihara aliongoza tena. Nyokabi alikaa kiti changu na akanyunyiziwa yale manukato ya mama wa bibi harusi, yaliyokuwa yangu.

Walioana, wako Mwihoko. Mimi huenda kumwona mjukuu wangu wakati Wafula yuko kazini. Juzi nililala huko kwa sababu yeye alikuwa safarini, nikaamka alfajiri nikatoka kukimbia kidogo, na raba zile zile, sina zingine. Mbele nikaona mtu anakuja mbio. Alikuwa amerudi mapema. Tukasimama, yeye kule mimi huku. Akaangalia raba. Kisha akageuka, na mimi nikageuka, kila mmoja akakimbia alikotoka, mimi nikapitiliza nyumba yao na mkoba wangu umo ndani, nikaenda hadi stendi.

Leso ya kufunikwa sivai tena hata mvua inyeshe. Na nikikimbia sasa, nikiona mtu mbele yangu, simpiti na simfikii. Napunguza.