Kaa Kwanza na Kiti cha Mkunga

Fundi viti wa mtaa wa nyuma ya posta aliitwa Kaa Kwanza, na jina hilo alilirithi pamoja na randa na misumeno. Baba yake alikuwa na mwiko mmoja kazini: kiti kipya hakitoki karakanani mpaka mwenyewe akikalie, na mtu mwingine asikikalie kabla yake. Mteja akija na haraka zake, akitaka kujitwika kiti aondoke, mzee alimwambia, "Kaa kwanza." Akikaa, mzee alizunguka nyuma, akachuchumaa, akamtazama mabega na kiuno kama fundi cherehani, kisha akapunguza mguu huu au kuongeza kipande chini ya ule. Hapo ndipo alipopiga chapa ya moto chini ya kikalio, herufi mbili za ukoo. Viuno vya nusu ya mji vilipita mbele ya macho yale, na siri ya hata kimoja haikuwahi kusikika sokoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya ukoo.

Mwana aliushika mwiko, na alipolegea, mkewe alimkaza. "Jina la watu halipakwi vanishi," mkewe alikuwa akimwambia. "Likichubuka, limechubuka."

Mwaka huo alikuwa na kazi moja iliyomkaa moyoni. Mkunga mstaafu, bibi aliyewapokea duniani watoto wa mtaa mzima, Kaa Kwanza mwenyewe akiwamo, alianguka ngazini akavunjika nyonga. Mfupa uliunga ulivyotaka wenyewe, na tangu hapo kila kiti cha kawaida kilimchoma. Kitu pekee alichoweza kukikalia bila kuguna ni ndoo ya bati iliyopinduliwa, ambayo ukingo wake ulikuwa umebonyea upande mmoja, na alitembea nayo kila aendako. Harusini ndoo, mazishini ndoo. Kaa Kwanza aliona haya kwa niaba ya ufundi wote. Akampima, akamwahidi kiti kabla ya mvua, akakiunda kwa mninga mzuri kuliko yote: kikalio kimeinuka vidole viwili upande wa kushoto, egemeo limegeuka kidogo, mkono mmoja chini kuliko wa pili. Ukikitazama unadhani fundi alilewa. Kilibaki kukaliwa tu.

Sasa, paa la karakana lilikuwa linavuja, tena juu ya mbao. Kaa Kwanza alikuwa amesikia kwamba serikali ina Ofisi ya Kuinua Biashara Ndogo, akaenda kuomba mabati mawili. Walimpokea vizuri, wakamsikiliza, wakampa chai. Baada ya muda akaja afisa wa ofisi hiyo, dada mchangamfu mwenye nia njema kabisa, akamletea habari kwamba ameteuliwa kuwa Biashara ya Mfano. Alikuja na kofia ngumu, fulana ya kung'aa, na bango kubwa la kuitangaza heshima hiyo. Bango lilikuwa la bati. Kaa Kwanza alilipapasa kwa matumaini, akauliza kama linaweza kupigiliwa paani. Afisa akacheka, akasema fundi ana utani. Bango ni la kuonekana. Likapigiliwa ukutani pale penye nafasi, juu ya dirisha. Tangu siku hiyo Biashara ya Mfano ilifanya kazi kwa taa mchana.

Wageni wakaanza kumiminika. Walikuja wajasiriamali wanaojifunza, wakaja wanaowafundisha wajasiriamali, kisha wakaja wanaowakagua hao wanaofundisha. Kaa Kwanza alivaa kofia ngumu, akaweka chini patasi, akaeleza namna anavyotumia patasi. Siku moja mgeni alimuuliza anafanya kazi saa ngapi.

"Mkishaondoka," akajibu.

Mgeni akatikisa kichwa kwa heshima, akaliandika.

Shida kubwa ilikuwa miguu ya wageni. Walichoka kusimama, na karakana ya viti ina nini kama si viti? Wakakaa. Na kiti kilichokaliwa na mgeni, kwa mwiko wa baba, si cha mteja tena. Kaa Kwanza akakisogeza kando, akaunda kingine. Wageni wakaja, wakakikalia na hicho. Viti visivyo na mwenyewe vikapandiana hadi mlangoni, wateja wakaanza kununa, na mkewe akamuuliza kama sasa ukoo umefungua ukumbi. Afisa alipoviona viti vilivyojaa alifurahi mno. Akaripoti kwamba tangu msaada uanze, uzalishaji umepanda.

Kiti cha mkunga tu ndicho kilichosalimika, kwa kuwa Kaa Kwanza alikifunga kamba akakining'iniza kwenye boriti, mbali na makalio ya watu.

Mwishowe ikatangazwa ziara ya Mkurugenzi mwenyewe. Asubuhi ya ziara Kaa Kwanza alienda kuazima turubai kwa jirani. Afisa, katika kutafuta kiti kinachomfaa mgeni rasmi, aliinua macho. Aliona mninga unaong'aa. Akakishusha.

Kaa Kwanza aliporudi, Mkurugenzi alikuwa amekwisha kaa, tena anahutubia. Alisema uchumi wa mwananchi lazima usimame wima, na huku akiusimamisha, yeye mwenyewe alikuwa anainama kulia taratibu kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Waliokuwa mbele, kwa adabu, wakainamisha vichwa kulia ili wamwone ameketi sawa. Waliokuwa nyuma wakawaiga. Mpiga picha akainamisha kamera. Hatimaye karakana nzima ilikuwa imelala upande mmoja, isipokuwa mke wa fundi, aliyesimama wima mlangoni kama nguzo.

Mkurugenzi alisita, akajipapasa ubavu. Akasema hajawahi kukalia kiti cha namna hii. Kiti kingine humlaza mtu. Hiki kinamweka katika hali ya kuinuka, na kuinuka ndilo jina la ofisi yao. Papo hapo akaagiza arobaini vya namna ileile kwa ajili ya ukumbi mpya, na vyote vipigwe chapa ya fundi, watu wajue vilikotoka. Makofi yakapigwa, ya upande upande.

Mke wa fundi alimsogelea mumewe. "Viti arobaini vilivyopinda, na herufi za baba yako chini yake," akamnong'oneza. "Niambie mapema, nianze kufunga mizigo."

Kaa Kwanza alifungua mdomo, lakini watu walikuwa wanapisha mlangoni. Mkunga alikuwa anaingia kwa mkongojo, ndoo mkononi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, naye alikuja kudai ahadi. Akakitazama kiti, akamtazama aliyekikalia.

"Inuka, mwanangu," akamwambia Mkurugenzi. "Hicho kina nyonga yangu."

Mkurugenzi akainuka, bado ameinama. Lakini Kaa Kwanza akakishika kiti kwa egemeo, uso umemshuka. "Shikamoo, bibi. Hiki hakikufai tena. Kimekaliwa. Nitakuundia kingine."

"Marahaba. Kingine lini, nao wanakuja kila siku?" Mkunga akaweka ndoo chini. "Sikiliza. Wewe ulipozaliwa, nani alikushika kwanza?"

"Ni wewe, bibi."

"Mama yako hajakugusa. Je, ulikuwa mtoto wangu?"

Kaa Kwanza alimtazama mkewe, na mkewe, mlinzi wa mwiko kuliko hata marehemu, akatikisa kichwa kukubali.

"Kaa kwanza, bibi," fundi akasema.

Mkunga akakaa. Kaa Kwanza akazunguka nyuma, akachuchumaa. Kwenye kiti kile kilichopinda, mabega ya bibi yalikaa sawa kama maji ndani ya bakuli. Hakuguna. Fundi akatia chuma motoni, na chapa ikapigwa mbele ya wote.

Kisha akamgeukia Mkurugenzi, akamwambia viti arobaini atavitengeneza, ila havitoki mpaka wenyewe wavikalie. Afisa, kwa nia yake njema, alitumia juma zima kutafuta hospitalini watu arobaini wenye nyonga ya namna ile. Alipowakosa, akawaleta wafanyakazi wa ofisi wenyewe, na wakapanga foleni kupimwa kiuno mmoja mmoja. Vikatoka viti arobaini vilivyonyooka, na jina la ukoo halikuchubuka. Kimoja tu kiliinama kidogo, cha Mkurugenzi. Sababu yake Kaa Kwanza anaijua, na hataisema.

Mkunga naye, siku ile alipoondoka na kiti chake kikibebwa nyuma, aliiacha ndoo. Aliisukuma kwa mkongojo mpaka chini ya pale panapovuja. Kaa Kwanza akashukuru, na afisa akaiandika kwenye ripoti kuwa ni mtaji kutoka sekta binafsi.