Ukurasa Niliouchana

Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zimezagaa Kariakoo, na msimamizi wangu wa chuo kikuu alikuwa anatafiti kama zinaweza kufundisha. Aliwagawia akina mama wauza vitenge simu zilizowaletea maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi. Ukipata, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Ukikosa, linakuwa jepesi. Kila mama na somo lake.

Mimi ndiye niliyezunguka vizimbani na daftari, jua la utosini. Wiki ya kwanza tu nikagundua jambo. Vizimba havikuwa na umeme, kwa hiyo simu zote zilishinda kwa mzee mwenye kibanda cha kuchaji. Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu, hawezi kuona swali limekaa bila jibu. Alijibu yote. Nikaandika hayo ukurasa mzima.

Kabla sijakabidhi daftari, nikaona jalada la ripoti. Jina langu halimo. Nilipouliza, msimamizi hakuinua hata macho.

"Wewe ulikuwa mkusanyaji tu."

Haya. Nikauchana ule ukurasa, nikamkabidhi daftari.

Siku ya kuwasilisha, ukumbi umejaa wageni, msimamizi akamsimamisha mama aliyeongoza kwa alama na kumtumia swali. Mama akaitazama simu, akasema kwa upole, "Baba, ngoja kwanza nimpelekee mwalimu wa chaji."

Msimamizi akanigeukia, jasho linamtoka. "Ulijua?"

"Shikamoo, daktari. Mimi mkusanyaji tu."

Ule ukurasa nimeutia fremu sebuleni. Jina langu limo.