Mama Asifunguliwe hadi Aprili

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Daktari Ambrosi alitoka na nguo zake za kulalia hadi kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akaondoa kifuniko cha jiwe kilichofunika mdomo wa mtungi uliozikwa ardhini, akavaa masikioni chombo chake cha kusikilizia vifua na kukiteremsha ndani ya lile giza lenye harufu ya zabibu. Alisikiliza kwa utulivu wa mtu anayepokea simu kutoka mbali. Kisha akafunika, akanywa chai, akaenda zahanati, na chombo kilekile kikatua kwenye kifua cha mgonjwa wa kwanza. Watoto wa kijiji cha Zeguri walikua wakidhani kwamba dawa zote duniani hunukia zabibu.

Pale Zeguri, kama katika bonde zima la Alazani, hata mtoto anayejifunza kutembea anajua kwamba mtungi wa mvinyo huoshwa, hujazwa, na mvinyo ukishamaliza kuchachuka mtungi hufungwa kwa jiwe na udongo, ukasahauliwa hadi Aprili. Hewa ikiingia, unapata siki. Daktari Ambrosi, mwenye shahada iliyopigwa mhuri mwekundu, alifungua wake kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo kila masika alipata siki, na kila masika alialika kijiji kuja kuinywa.

Nao walikuja. Nani angemkatalia? Huyu alikuwa amewazalisha wake zao na kuwashona vidole vilivyokatwa na visu vya kupogolea, na wakati wa theluji aliwafikia kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni iliyozimika mara nyingi kuliko ilivyowaka. Gigla, jirani yake, ambaye mvinyo wake ulikuwa bora kuliko wote kijijini na ambaye hakuruhusu mtu asahau jambo hilo, ndiye aliyekuwa mkuu wa karamu. Alisimama, akainua glasi, akafumba macho.

"Daktari," alisema, "mvinyo huu nimeunywa miaka kumi na minane, na kila mwaka unanishangaza."

Wote wakaitikia, wakameza. Kesho yake Lamara, muuguzi wa zahanati, aligawa magadi ya kutuliza tumbo kwa foleni iliyofika barabarani. Kila mmoja alisema ni yale maharage ya karamuni. Daktari aliandika "maharage" kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Lamara alikuwa amefanya kazi naye miaka kumi na mmoja bila kumuuliza swali lolote. Alikuwa na maswali, tena mengi, lakini yalipofika kooni yalikaa hapo kama watu waliofika mapema mno kwenye harusi. Historia ya daktari aliijua kwa kusikiasikia tu: kwamba baba yake, mkulima wa mizabibu, aliuza ng'ombe wawili ili mwanawe asiwe mkulima wa mizabibu, kwamba alirudi kutoka masomoni Tbilisi na koti jeupe, mke aliyeitwa Tsiala, na imani kwamba watu wakielezwa vizuri watanawa mikono. Tsiala alikuwa mwalimu wa piano katika kijiji kisicho na piano. Imani ilikufa mwaka wa pili. Tsiala alikufa mwaka wa tisa, mwezi wa Oktoba, kwa ugonjwa wa moyo, na daktari alikaa siku nne kando ya kitanda akiwa na chombo chake masikioni. Mwezi huohuo alijaza mtungi wa marehemu baba yake kwa mara ya kwanza. Kijiji kilisema afadhali, mwanamume amepata shughuli. Walisema hivyo kabla ya kuonja mvinyo wake.

Ukafika mwaka wa themanini na tano, Moscow ikaamua kwamba nchi nzima iache pombe, inywe chai. Wilaya yao, ambayo haikuwahi kuongoza katika jambo lolote, hata ngano, iliamua kuongoza katika hili. Ikamtuma Ndugu Varlam, kijana aliyezaliwa Tbilisi kwenye ghorofa ya sita na ambaye kwake mvinyo ulitoka dukani, azunguke vijijini na watu wawili wenye mitaimbo kupasua mitungi. Mwenye mtungi angepoteza mtungi. Mwenye mtungi na kazi ya serikali angepoteza vyote viwili.

Kijiji kilijipanga. Gigla alijenga banda la kuku juu ya mitungi yake. Mwingine alipanda kabichi. Daktari peke yake hakuficha kitu, kwa sababu mtungi uliofichwa haufunguliki kila asubuhi.

"Jirani, weka hata kuni juu yake," Gigla alimsihi. "Wakikufukuza watatuletea mtoto aliyemaliza chuo juzi. Mimi nina ngiri!"

"Nitafikiria," alisema daktari, na hakufikiria.

Ndugu Varlam alifika Novemba, akaanza na zahanati kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na jiko la moto. Alikuwa akipasha mikono joto, daktari akiandika, Lamara akipanga bandeji, Gigla alipoingiza kichwa mlangoni bila kuangalia ni nani aliyemo.

"Daktari! Mama vipi leo?"

Sasa, maganda, vikonyo na kokwa za zabibu zinazobaki ndani ya mtungi, wenyeji huziita mama, maana mvinyo huzilalia wakati wote wa baridi na kunyonya kwake rangi na nguvu. Aprili mtoto hutenganishwa na mama. Watu huulizana hivyo sokoni na hakuna anayecheka.

"Ametulia," alijibu daktari akiendelea kuandika. "Joto limeshuka. Asubuhi nilimsikiliza, bado ananguruma kidogo."

Ndugu Varlam aligeuka. "Mama gani?"

Gigla akawa mweupe kama jibini. Daktari aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu wa uongo. Hata wagonjwa wa kufa aliwaambia ukweli.

"Yuko kwangu, kwenye kibanda cha nyuma," alisema.

"Kibandani? Kwa nini hayuko hospitali ya wilaya?"

"Hasafirishiki. Yuko na mtoto. Wasitenganishwe wala wasifunguliwe hadi Aprili."

"Ni ugonjwa wa kuambukiza?"

Daktari alifikiri kwa uaminifu. "Kijiji hiki chote kimeambukizwa," alisema. "Tangu mababu."

Ndugu Varlam alirudi nyuma hatua mbili, akaukanyaga mguu wa Gigla. Ndipo Lamara akasikia sauti, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yake mwenyewe.

"Ungeweka lakiri mlangoni, Ndugu Varlam," alisema akitazama bandeji. "Asiingie mtu ila daktari."

Kabla ya saa sita amri ilikuwa imeandikwa, ikasainiwa na kupigwa mhuri: kibanda kiko chini ya karantini, mama asifunguliwe hadi Aprili, daktari peke yake aruhusiwe kumwona kila siku. Ikabandikwa mlangoni kwa lakiri nyekundu. Kwa miezi mitano serikali ikalinda mtungi wa Daktari Ambrosi. Naye kila asubuhi akaingia na chombo chake, kama amri ilivyoagiza.

Aprili Ndugu Varlam alirudi. Alikuwa na watu wake wenye mitaimbo, na chini ya kwapa alikuwa na blanketi dogo la bluu.

"Mke wangu amelifuma," alisema kwa haya. "Kwa mtoto. Mama anaendeleaje?"

Uani watu walikuwa wamejaa. Daktari alilitazama blanketi.

"Twende umwone," alisema.

Alifungua mlango na kuondoa kifuniko cha jiwe. Ndugu Varlam alichungulia ndani ya mtungi. Masikio yake yakaanza kuwa mekundu, kisha shingo.

"Ijumaa," alisema kwa sauti nyembamba, "Ijumaa hutakuwa daktari wa hapa wala wa popote. Unasikia?"

"Nasikia."

"Ndugu Varlam, mwanangu," alianza Gigla, "nina ngiri..."

"Kaa kimya, mzee!" Alitoa fomu, akalamba ncha ya kalamu, akasita. Fomu ilikuwa na mstari: aina ya kinywaji kilichokutwa. Mtu mwenye bidii haandiki asichokijua. "Nipeni kidogo."

Daktari alichota kwa kata, akamjazia glasi. Ndugu Varlam akanywa kama alivyoona watu wakinywa, yote kwa mkupuo mmoja. Akainama. Machozi yakamtoka. Akashika ukuta.

"Lakini hii..." alisema alipopata pumzi. "Hii ni siki!"

Miaka kumi na minane ya adabu iliangushwa chini na mtoto wa ghorofani. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa leso. Gigla alitazama viatu vyake.

Ndugu Varlam alitazama fomu, kisha amri ya Novemba iliyoning'inia mlangoni, yenye saini yake na mhuri wake, ikieleza jinsi alivyoulinda mtungi huu dhidi ya serikali yake mwenyewe. Akaandika polepole: "Siki. Lita mia sita." Siki haikukatazwa. Akaikunja fomu, akaondoka na watu wake bila kuaga, na blanketi akalisahau juu ya kifuniko cha mtungi.

Watu walitawanyika haraka, kila mmoja akiogopa kuulizwa maoni. Alibaki daktari, aliyekuwa bado ni daktari wa Zeguri, na Lamara aliyekuwa akilikunja blanketi mara ya nne. Swali lilimfika kooni. Safari hii halikukaa.

"Daktari, unajua hewa ndiyo inayouharibu mvinyo. Kwa nini usiufunge tu?"

Daktari Ambrosi alikuwa akifuta chombo chake kwa upindo wa koti.

"Napenda kuusikiliza," alisema. "Kuunywa sipendi."