Ijumaa Tuliyofungua Shoki

Juma lililopita niliegesha pikipiki yangu pale Masimba nikaenda kumtibu ng'ombe wa mteja, na niliporudi nikaona pete nyeusi ya oili imeuzunguka mguu wa mbele wa kulia, juu kidogo ya gurudumu. Vumbi lilikuwa limeigandia. Ukipanda pikipiki kila siku kwenye vilima vyetu hivi, pete hiyo unaijua: sili imekufa, yaani kile kipete cha mpira kinachoizuia oili isitoke kwenye shoki, ule mguu wenye springi. Si jambo la kumtoa mtu jasho. Lakini mimi niliketi juu ya jiwe nikiitazama, hadi mteja akadhani ng'ombe wake amenipiga teke.

Acha nikueleze, rafiki yangu, kwa nini mwanamke mzima, aliyezoea kuingiza mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani, aogope tone la oili.

Kwetu ni upande wa Nyaramba, juu ya kilima ambako siku hizo pikipiki ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya baba. Aliitumia kupeleka ndizi sokoni Keroka, na mtu akiugua kilimani hodi ilipigwa kwetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sikuwa na kaka, na vidole vyangu vilikuwa vyembamba, kwa hiyo baba akipinda mgongo kutengeneza kitu, mimi ndiye niliyekuwa mkono wake wa tatu. Sikuwa nikibeba taa na kutazama tu. Nilifungua, nilifunga, na nilijisifu shuleni mpaka mwalimu akachoka kunisikiliza.

Wakati wa masika shoki za mbele zilianza kuvuja. Kwanza baba alijaribu ujanja wa watu wa barabarani: unakata kipande chembamba cha plastiki laini, unakipitisha chini ya sili, unatoa uchafu. Plastiki aliyoipata ilikuwa ni picha ya kifua ya nyanya, mama yake baba, ile ya eksirei. Nyanya alikasirika wiki nzima. Alimwambia kila mgeni kwamba mwanawe amemkata mbavu mbili ili azipe pikipiki. Na oili haikuacha kutoka. Ilikuwa inateremka polepole kuelekea kwenye breki, na baba alisema kwamba ikifika huko, pikipiki itashuka kilima kwa hiari yake. Fundi wa mjini baba hakumtaka, kwa sababu mara ya mwisho alimrudishia pikipiki ikiwa na bolti moja pungufu. Akanunua sili mbili Keroka, akasema Ijumaa tutafanya wenyewe.

Sasa ni lazima uielewe Ijumaa ya kwetu. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa ni siku ya maandalizi. Kuni zilikatwa, viatu vikapakwa rangi, maji yakachotwa ya siku mbili, na nyanya akachemsha chinsaga kwa maziwa ndani ya nyungu, ile mboga chungu ambayo kesho yake huwa tamu zaidi. Nyanya ndiye aliyekuwa saa yetu. Alisimama ukingoni mwa shamba la chai, kiganja juu ya macho, akilitazama jua. Likigusa kilima cha ng'ambo, alianza kuimba, na wimbo ukianza kila kazi iliachwa ilipo. Niliwahi kumwona shangazi akiondoa pasi ya makaa kwenye shati lililonyooshwa mkono mmoja tu, na kesho mume wake akalivaa hivyo hivyo kanisani. Sanduku la spana lilisukumwa chini ya kitanda cha nyanya, likakaa huko hadi Jumamosi jua lizame.

Tulianza baada ya chakula cha mchana. Tuliweka kreti ya soda chini ya injini, tukatoa gurudumu, tukachomoa miguu yote miwili ya shoki. Oili ya zamani ilimwagika kwenye karai, ya kijivu, ikinuka kama samaki aliyesahaulika. Halafu mvua ikaja. Tulikimbiza kila kitu barazani, na saa nzima ikapotea. Mimi ndiye niliyetoa ile waya ndogo inayoishika sili, kwa ncha ya bisibisi na ukucha. Baba alizipaka sili mpya grisi, akaweka ya zamani juu ya kila moja, akagonga taratibu kwa kipande cha mti, akizunguka, huku amezuia pumzi. Oili mpya tuliipima kwa chupa ya dawa ya kikohozi. Nilikuwa na furaha, sitaki kukudanganya. Mvua ilikuwa imekwisha, migomba inadondosha maji, na baba ananiita fundi.

Gurudumu liliporudi, jua lilikuwa limebakisha kidole kimoja. Baba aliingiza ekseli, ile fimbo ya chuma inayoshika gurudumu, akanipa nati yake.

"Zungusha na mkono kwanza, halafu kaza na spana mpaka ikatae," alisema. "Mimi nanawa."

Nilizungusha kwa vidole. Nikaokota spana, nikaipachika, na hapo hapo nyanya akaanza kuimba.

Nilibaki na spana mkononi. Nguvu ya kukaza mara tatu ingetosha. Lakini nyanya alikuwa akitembea kuja uani huku akiimba, na katika akili yangu ya wakati huo, kuikaza nati hiyo kulikuwa sawa na kumpiga Mungu kofi mbele ya mama mkwe wake. Niliiweka spana ndani ya sanduku. Nyanya akalichukua.

Baba alitoka akijipangusa mikono. "Umekaza?"

"Nimekaza, Tata." Ndivyo tunavyomwita baba kwa Kigusii.

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini nilisema hivyo. Alikuwa ameniita fundi mchana kutwa, nami sikutaka jina hilo liondoke. Nilijiambia kwamba Sabato pikipiki haiwashwi, kanisani tunakwenda kwa miguu, na kesho jioni nitachukua spana kimya kimya nimalize. Nyanya alikuwa na msemo wake, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Usiku kucha nilikuwa nausikia.

Asubuhi tulikuwa tumepiga magoti kanisani, macho yamefumbwa, mzee wa kanisa akiomba kwa maneno mengi kama kawaida yake, niliposikia mnong'ono mlangoni. Nilifungua jicho moja. Alikuwa ni jirani yetu, viatu mkononi, akihema. Mke wake ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto hatoki. Baba aliinuka. Kumwahisha mgonjwa hakukuhesabiwa kazi. Alipita karibu yangu, akainama.

"Nampeleka mke wa jirani hospitalini Nyamira. Mwambie nyanya asiningoje kula."

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Uso wake ulikuwa karibu kiasi cha kuona kidonda kidogo alipojikata akinyoa ndevu. Hakuna sauti iliyotoka, na yeye akaenda.

Mzee aliendelea kuomba. Mimi nilikuwa nikihesabu: baba, mke wa jirani, jirani mwenyewe nyuma akimshika, na huyo ambaye hajazaliwa. Watu wanne juu ya nati iliyoshikwa na vidole vya mtoto. Niliposikia injini ikiwaka upande wa kwetu, niliinuka. Nyanya alinidaka gauni.

"Keti. Watu wanaomba."

Nilijinasua nikakimbia. Barabara huzunguka kilima, lakini kuna njia iliyokata katikati ya chai hadi kwenye kona ya chini, kabla ya mteremko mkali wa mtoni. Chai iliyolowa ilinichapa miguu, kiatu kimoja kikabaki matopeni. Nilifika kwenye kona wakati ule ule walipotokea.

"Tata, simama! Tata!"

Mke wa jirani alikuwa akilia kwa sauti, jirani akimtuliza kwa sauti kubwa zaidi. Baba aliniona. Aliinua kidevu, kama mtu anayesalimia akiwa na haraka, akapita. Nililitazama gurudumu la mbele, nikaona linayumba, ingawa huenda ni macho yangu yaliyoyumba. Wakaingia kwenye mteremko. Nilisimama pale nikisikiliza, nikingoja mlio nisioutaka, mpaka nikasikia mto peke yake.

Mchana ule ndio mrefu kuliko siku zote nilizoishi. Nyanya alinipakulia ugali wa wimbi na chinsaga, akasema, "Kula." Hakuniuliza kiatu kiko wapi. Hakuniuliza nilikimbilia nini, na hilo lilinitisha zaidi. Nililala kitandani nikamwahidi Mungu kila nilichokuwa nacho, ambacho hakikuwa kingi: sitaiba sukari, sitamcheka mwalimu wa hesabu anayetembea upande, nitakuwa mtawa, na wala sisi si Wakatoliki. Mvua ilipoanza nikawaza barabara inavyoteleza. Kila aliyekohoa uani alikuwa ni mtu aliyeleta habari.

Alirudi saa kumi alasiri, amelowa, anacheka. Mtoto wa kiume, mama mzima. Watu walijaa uani wakimpa mkono. Mimi nilizunguka nyuma yao, nikachuchumaa, nikaishika nati kwa vidole viwili.

Haikusogea. Nilijaribu tena kwa mkono mzima. Ilikuwa imekazwa mpaka mwisho.

Ungedhani ningefurahi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mchana kutwa. Nilielewa kwamba Mungu amemtuma malaika na spana namba kumi na saba, kwamba mbinguni wanajua nati gani na mtoto gani. Sikumwambia mtu. Nilikua na malaika huyo. Nikiwa chuoni, wenzangu walipopitisha majibu ya mtihani chini ya meza, nilisikia spana ikigonga chuma, nikasukuma karatasi mbali. Watu waliniita mcha Mungu. Nilikuwa mwoga tu.

Sasa basi, hiyo pete ya oili. Jumapili nilikwenda nyumbani kuzibadilisha sili mwenyewe. Baba amezeeka, anatembea na fimbo. Aliketi kwenye kigoda akinitazama, nami nilipofika kwenye ekseli maneno yakatoka yenyewe.

"Tata, ile nati sikuikaza."

Hakuuliza nati gani.

"Najua," alisema. "Ijumaa ile ile usiku, nilirudi baada ya maombi nikaikuta inazunguka na kidole. Nikamwomba nyanya yako sanduku. Alinisukumia na mguu."

"Nyanya? Sabato imeshaingia?"

"Alisema kuzika ni kazi kubwa zaidi."

Niliiweka spana chini. Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia, na sauti yangu haikuwa ya heshima.

"Yeye alisema tukuache useme mwenyewe. Nikangoja Sabato nzima. Pale kwenye kona nilikuona, nikajua unaogopa nini, lakini ningesimamaje na mama analia hivyo? Nikasema jioni utasema. Hukusema. Nikangoja Jumapili, nikangoja mwezi. Halafu nikaacha."

"Si ungeniuliza, Tata?"

"Niliogopa. Ningekuuliza, useme tena umekaza, ningefanya nini na mtoto kama huyo?"

Nilikasirika, na niliyemkasirikia zaidi amelala chini ya migomba miaka tisa sasa. Alinipakulia chakula akijua baba yangu yuko salama. Halafu nikakumbuka jambo lingine. Tangu Ijumaa ile, kila nati niliyokaza, baba alikuja nyuma yangu akaigusa. Ya pikipiki, ya mashine ya kukatia nyasi, ya mlango. Nilidhani ndivyo mafundi walivyo. Nimewafundisha hata vijana wanaonisaidia kazini: gusa mara ya pili.

Kilima kile hakipo tena kama nilivyokieleza. Chai imeng'olewa, mashamba yamegawanywa, ile njia ya mkato imezibwa na nyumba za mabati. Ijumaa jioni pikipiki zinapita mfululizo na hakuna anayeimba ukingoni. Hayo yote nimezoea kuyakosa. Hii karibu miaka ishirini ambayo mimi na baba tulikula meza moja, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, sijaizoea, na hakuna wa kunirudishia.

Nilimaliza kukaza ekseli mpaka spana ikakataa. Nikajipangusa mikono, nikasimama kando nikamwachia nafasi, kama zamani. Baba hakuinuka. Magoti yake siku hizi hayapindi vizuri, kwa hiyo sijui kama ameniamini au ameshindwa kuinama. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.