Nyumba Nzima, Namba Moja

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijatulia. Nimechuma kahawa Kalinzi, nimebeba mizigo bandarini, nimeanika dagaa Kagunga. Kitu pekee ambacho sijawahi kubadilisha ni namba ya simu. Ndiyo maana mama mdogo, mumewe na binti yao, wa Ujiji, ambao laini zao hupotea kila mara, wakienda kutibiwa huandikisha namba yangu.

"Yeye hatulii," mama mdogo husema, "lakini namba yake imetulia."

Siku moja nikiwa Gungu meseji ikaingia: majibu yako ya makohozi yapo tayari, fika kituo cha afya kilicho karibu bila kuchelewa. Jina hakuna, eti kulinda siri ya mgonjwa. Siri ililindwa hadi mgonjwa mwenyewe hakujulikana.

Majibu mazuri hayamwiti mtu haraka; hilo halihitaji shule. Nikadandia bodaboda hadi Ujiji. Mama mdogo alikuwa akikohoa moshi wa kuni, mumewe akikohoa sigara, na binti yao akikohoa ili asibaki nyuma.

"Nani alitoa makohozi?" nikauliza.

Wote watatu. Wapimaji walipita mtaani, na kitu cha bure hakikataliwi.

Tukaenda kituoni wanne. Mfumo wao mpya wa kompyuta ulikuwa umesifiwa sana: unaunganisha hospitali zote, hata daktari aliyeko Dar es Salaam anaweza kuona kifua cha mtu wa Kagunga. Dada wa mapokezi akaingiza namba yangu, akatazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Inaonyesha umejifungua mara tatu."

"Namshukuru Mungu."

"Na una tezi dume."

"Tezi ni ya baba mdogo. Uzazi ni wa mkewe huyu hapa."

"Sasa mbona mmekuwa mtu mmoja?"

"Si mlisema unaunganisha, dada?"

"Acha mzaha!" mama mdogo akanikemea. "Muulize nani anaumwa. Mimi nina biashara ya samaki, migebuka, nikilala mimi nyumba nzima inalala."

Dada akashuka hadi mwisho wa orodha yetu. "Sampuli yenye ugonjwa ilichukuliwa Kagunga. Kambi ya dagaa."

Wote watatu wakanigeukia.

Pale kambini wapimaji walipokuja, nilipanga foleni ili tu nione mashine yao. Muuguzi akanipa kikopo, nikatema, nikaondoka zangu. Kwa kikohozi changu nililaumu vumbi la dagaa.

"Kifua kikuu," dada akasema. "Kinapona. Dawa kila siku, miezi sita, na usihamehame. Na hawa wa nyumbani tutawapima tena."

Miezi sita! Sijawahi kukaa popote miezi sita tangu darasa la sita lenyewe.

"Atakaa kwangu," mama mdogo akasema. "Akitoroka nitamfunga kamba kama mbuzi."

"Basi nipeni namba ya ndugu wa karibu. Akikosa dawa, tumpigie huyo."

Mama mdogo hakusita. Akaitaja yote, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti ya mtu aliyeizoea: namba yangu.