Mikono ya Nduruma Iliyokataa Kuvimba

Swali lililoninyima usingizi siku zile lilikuwa hili: dawa ya ndui niliyowachanja watu wa Nduruma ilikuwa hai, au niliiua mwenyewe kwa usafi wangu?

Usafi ndio uliokuwa ugonjwa wangu. Nilikuwa nimemaliza shule ya serikali kule pwani, nikarudi kwetu Meru na cheti, nikapewa kazi ya kumsaidia daktari wa Kijerumani katika boma la Arusha. Juma la kwanza aliniita kwenye hadubini yake. Chini ya kioo alikuwa ameweka tone la usaha kutoka mguu wa mpagazi. Niliona vitu vya mviringo vimeshikana kama shanga.

"Hao ndio wanaoharibu kidonda," alisema daktari. "Wana uhai. Mmoja hugawanyika wakawa wawili, wawili wakawa wanne."

Tangu siku ile sikupata raha. Niliwaona wale viumbe kwenye kitasa cha mlango, kwenye kibuyu cha maziwa cha mama, kwenye kiganja cha kila aliyenipa mkono. Nilinawa mpaka ngozi ikapasuka. Mkubwa wangu wa kazi, mfunga vidonda mmoja wa Pangani aliyezunguka na madaktari tangu ujana wake, alinicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Msomi," aliniambia, maana hakuwahi kuniita jina jingine, "Mungu amekujengea boma la ngozi bila kukudai kodi, nawe unalibomoa kwa sabuni. Hao wadudu wako watapita wapi kama si kwenye hizo nyufa?"

Nilidhani ananitania tu. Leo nasema kwamba lile lilikuwa somo langu la kwanza la kinga, na nililipata bure kutoka kwa mtu ambaye hakukaa darasani.

Kisha zikaja habari kwamba ndui imeonekana kwa wapagazi upande wa Moshi. Daktari akaletewa dawa ya kuchanjia kutoka pwani, ndani ya mirija myembamba ya kioo, nasi tukaifunga kwa kitambaa kibichi na kuitia ndani ya chungu isipate joto. Dawa hiyo ilitoka kwa ndama. Ndama huambukizwa ndui ya ng'ombe, ambayo kwa binadamu ni ugonjwa mdogo, na mwili ukishapigana na huyo mdogo huwa umekwisha kumjua ndugu yake mkubwa. Nililielewa hilo vizuri. Lakini nilipotia masalio ya mrija mmoja chini ya hadubini sikuona shanga wala kitu chochote kilichonishawishi kwamba kuna uhai pale.

"Kiumbe cha ndui ni kidogo kuliko uwezo wa kioo chetu," alisema daktari. "Tunakijua kwa kazi yake tu."

Mtu mwenye wasiwasi usimwambie neno kama hilo. Adui nisiyemwona nilikwisha kumzoea. Sasa nilitakiwa kumwamini rafiki nisiyemwona.

Mfunga vidonda alikuwa na namna yake ya kuchanja. Aliuosha mkono kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, kisha akamkalisha mtu juani na kumpigia porojo, za mkwewe, au za punda aliyetafuna kofia ya askari. Porojo ikiisha ndipo aliposhika kisu. Mimi niliona ni uvivu wa utu uzima. Kwa hiyo nilipotumwa Nduruma peke yangu, yeye akiwa amepelekwa Lemara, nilichukua rafuni chupa ya spiriti tuliyosafishia visu. Kila mkono niliusugua kwa spiriti, na kabla haujakauka, nikihofia inzi na vumbi, nikakwaruza na kutia dawa. Kufika adhuhuri msitari wote ulikuwa umekwisha. Nilijisifu njia nzima.

Wa kwanza katika msitari alikuwa dada yangu, aliyeolewa kule. Aliuza ndizi na maziwa kwenye kambi ya kivuko, wanakopumzika wapagazi na magari ya maksai ya Makaburu, na tangu habari za ndui zifike mama mkwe wake alikuwa amemzuia kwenda. Nilimchanja yeye na mtoto aliyekuwa mgongoni.

"Sasa kambini naruhusiwa?" aliuliza.

"Ngoja nije nikague siku ya nane."

Mtu mmoja tu alinikatalia spiriti, mzee Mwislamu aliyenunua ngozi za ng'ombe. "Hiyo ni pombe, mwanangu. Niondolee." Nilimwosha kwa maji ya birika lake, nikiwa nimenuna, nikamchanja kwa sababu hapakuwa na namna.

Siku ya nane nilirudi. Mkono wa dada yangu ulikuwa laini. Alama ya kisu ilikuwa imekauka kama mchubuko wa mwiba. Wa mtoto vilevile, wa jirani vilevile. Mzee wa ngozi peke yake alikuwa na lengelenge zuri lenye kishimo katikati, dalili kwamba dawa imeshika, kama tulivyofundishwa kulitafuta.

"Mbona mimi sina?" dada aliuliza. "Au damu yangu ni nzuri kuliko ya huyu mzee?"

"Nadhani," nikajibu. Neno hilo linaniumiza mpaka leo.

Nilikuwa na hoja ya kujifichia. Mtu aliyekwisha kuugua ndui akapona, mwili wake unaikumbuka, na chanjo huenda isimvimbishe. Basi labda watu wote hawa walikuwa na kinga tayari. Nikamweleza mama mkwe wa dada, ambaye uso wake ulikuwa na mashimo ya ndui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ulikuwa mdogo ilipokuja sotoka. Ng'ombe walikwisha. Mtamba wetu mmoja aliugua akapona, na sotoka iliporudi, wa majirani wakafa, yeye akawa anacheua tu. Mimi ndiye huyo mtamba, mwanangu. Ndui ilinipitia nikiwa msichana. Lakini huyu mtoto wa miezi sita ilimpitia lini?"

Nilimwomba dada angoje siku chache zaidi.

"Ndizi zinaiva, mdogo wangu," alisema. "Siku ya soko nitakwenda."

Siku nne zilikuwa zimebaki. Siku mbili nilizimaliza kwa kufikiri, na nilichofikiri ni kiboko cha bomani, na aibu ya msomi, na wazo moja zuri la kishetani: niende Nduruma niseme kwamba chanjo huwa ni mara mbili, ya kwanza hufungua njia. Hakuna ambaye angejua.

Mfunga vidonda akarudi kutoka Lemara, akisimulia mikono iliyovimba kama inavyotakiwa. Nikamweleza yote. Alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Ulingoja spiriti ikauke?"

"Hapana, Mzee. Nilitaka pawe safi."

"Msomi, spiriti haijui nani mgeni mbaya na nani tuliyemwalika. Ikikuta kitu hai, inaua. Unadhani zile porojo zangu ni za nini? Nangoja mkono ukauke! Mkwe wangu mwenyewe hana mambo mengi kiasi hicho."

Nilitaka kulia na kucheka pamoja. Nikamwambia ule uongo niliokuwa nimeutunga. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Na kesho akija msomi mwingine na chupa yake, watu wa Nduruma watajuaje kumzuia?"

Hapo ndipo nilipokata shauri. Nilikwenda kwa daktari, nikasema kila kitu, hata spiriti niliyochukua bila ruhusa. Akafungua chungu, akanihesabia mirija iliyobaki, akasema, "Kesho asubuhi." Namshukuru kwa maneno yale mawili.

Kesho yake nilisimama mbele ya watu walewale, nikawaambia kwa Kimeru kwamba dawa haikuwa mbovu wala damu yao haikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyeiua kwa spiriti, na mkono wa mzee wa ngozi ni shahidi. Kwa hiyo hawana kinga bado, na kambini wasiende. Nilingoja waondoke.

"Kumbe ulinikwaruza bure!" dada akapaza sauti. "Siku zote hizi najigamba mbele ya wake wenzangu kwamba nimechanjwa, kumbe nimechanjwa hewa! Shule yote ile, mdogo wangu?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee wa ngozi akainua mkono wake kama mtu aliyeshinda mbio. Na dada, akiwa bado ananicheka, akakunja nguo begani, akaninyoshea mkono wa pili. Nyuma yake mama mkwe akawa anausukuma msitari ukae sawa. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko mkono ule.

Niliuosha kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, nikamkalisha juani. Sikuwa na mkwe wala punda wa kumsimulia, basi nikamsimulia jinsi nilivyokuwa naosha kitasa cha mlango wa boma kila asubuhi mpaka askari akadhani nimepewa adhabu. Alicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Nikaugusa mkono wake kwa nyuma ya kidole, ulikuwa umekauka kabisa, nikachukua kisu.